Umefungua info@ na mauzo@ lakini barua hazifiki? Anzia hapa

"Fundi, info@ imekufa."

Maneno hayo nayasikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, karibu kila wiki, na mara nyingi anayeyasema ameshika simu mkononi, kikasha kiko wazi na barua za jana zinaonekana. Imeili haijafa. Kilichokwama ni njia moja kati ya nne au tano zinazoingia kwenye kikasha hicho, na inabidi ijulikane ni ipi kabla ya mtu kugusa kitu.

Wateja wangu ni wafanyabiashara wa kawaida wa nyanda za juu kusini: parachichi za Rungwe na Njombe, mchele wa Kyela na Mbarali, kahawa ya Mbozi, mbao za Mafinga, nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Wana domeni ya .co.tz, yaani jina lao la mtandaoni, wana akaunti ya wingu, wengi wao Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia kwa ajili ya ofisi, na wanataka mnunuzi aone ofisi yenye idara: info@, mauzo@, uhasibu@. Idara zote tatu ni mtu mmoja na mdogo wake. Hakuna ubaya wowote, aliasi ziliwekwa kwa ajili ya watu kama hao. Ubaya huanza pale ambapo aliyezitengeneza ni kijana wa steshenari, hakuandika popote alichokifanya, na sasa hapokei simu.

Hiyo info@ ni kitu gani hasa?

Anwani ya ziada huwa ni kimoja kati ya vitu vitatu, na ukivitazama kwa nje vinafanana kabisa.

Aliasi ni jina la pili la sanduku lilelile. Kijijini mtu mmoja huitwa Mwalimu, Baba Neema na Mzee wa Kahawa, na ukiita jina lolote kati ya hayo anageuka yuleyule. Aliasi haina nywila yake, haina nafasi yake ya kuhifadhi barua na haiongezi bili. Google Workspace inaruhusu aliasi hadi 30 kwa kila mtumiaji bila malipo ya ziada. iCloud ya Apple inatoa 3 tu, na hata hizo huwezi kuigeuza mojawapo kuwa anwani kuu.

Kundi ni anwani inayopokea barua na kuisambaza kwa wanachama wake. Lina kanuni zake kuhusu nani anaruhusiwa kuliandikia, na kanuni hizo ndizo zinazokula barua za wateja, kama nitakavyoonyesha.

Akaunti kamili ni sanduku linalojitegemea. Lina nywila, lina nafasi yake, na kwenye huduma ya kulipia unalilipia kila mwezi.

Mama mmoja mwenye duka la pembejeo Uyole alinijia akiwa amejaribu nywila za info@ mpaka Google ikamwambia asubiri. Nikatazama: info@ ilikuwa aliasi ya sanduku la mwanawe.

"Kwa hiyo mwanangu, huo mlango hauna ufunguo?"

"Mama, hakuna mlango. Ni jina tu limebandikwa kwenye nyumba ya kijana wako."

Alikaa kimya kidogo. "Ina maana barua za wateja wangu zote anazisoma yeye?" Ndiyo, mama. Hilo la mwisho halikuwa tatizo la kompyuta, nikawaachia wao wamalizane.

Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa msimamizi wa akaunti yenu, andika anwani yenye shida kwenye kisanduku cha kutafutia, uone inatokea wapi. Ikitokea ndani ya jina la mtumiaji, sehemu ya anwani mbadala, ni aliasi. Ikitokea upande wa makundi, ni kundi. Isipotokea popote, umeshapata jibu: haikuwahi kutengenezwa, au kuna mtu aliifuta.

Jaribio la uongo

Karibu kila anayeniletea tatizo hili ameshajipima mwenyewe: amefungua Gmail yake ya kazini, akaandika barua kwenda info@, akasubiri, hakikuingia kitu. Jaribio hilo halina thamani. Gmail ikiona barua iliyotoka kwako inarudi kwako kupitia aliasi au kundi, inatambua kuwa ni barua ileile iliyoko kwenye zilizotumwa, na mara nyingi haiweki nakala ya pili kwenye kikasha. Utaitafuta mpaka jioni.

Pima kutoka nje. Tumia imeili ya mtu mwingine kabisa, ikiwezekana ya kampuni nyingine: kama wewe uko Google, omba mwenye Outlook au Yahoo akuandikie. Mwambie aweke saa kwenye kichwa cha barua, "Jaribio saa nne na robo", ili baadaye usichanganye jaribio la kwanza na la tatu. Halafu subiri uone ni lipi kati ya haya litatokea.

Barua inarudi kwa aliyetuma

Hii ndiyo hali nzuri kuliko zote, ingawa wateja huiogopa. Barua iliyorudi imebeba sababu yake. Mwombe aliyetuma akupigie picha ya ujumbe mzima wa kurudishwa. Ule mstari wa juu peke yake hautoshi. Tafuta namba. Zikianza na 4, seva inasema jaribu tena baadaye, na ya mtumaji itaendelea kujaribu yenyewe. Zikianza na 5, imekataa moja kwa moja.

550 5.1.1 maana yake anwani haipo. Angalia herufi kwanza. Mteja wa Tunduma alikuwa akipoteza oda kwa sababu bango lake liliandikwa "uhasibu" na aliasi ikaandikwa "uhasib". Angalia pia nukta. Kwenye Gmail ya kawaida inayoishia na @gmail.com nukta hazihesabiki, ukiziweka au ukiziondoa barua inafika palepale. Watu wamelizoea hilo, wanadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Kwenye domeni yako mwenyewe nukta ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo juma.mauzo@ na jumamauzo@ ni anwani mbili tofauti. Na kama aliasi umeiunda asubuhi hii, vumilia: kwa kawaida huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini Google wenyewe wanasema inaweza kuchukua hadi saa 24.

Ukikuta 4.2.2 au 5.2.2, sanduku limejaa. Hapa ndipo aliasi zote hufa siku moja, kwa sababu zote ni majina ya sanduku moja. Siku hizi kwa wenye Gmail ya bure chanzo kimekuwa ni kilekile: WhatsApp. Tangu 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android zinahesabiwa ndani ya ile GB 15 ya Google, pamoja na picha na mafaili ya Drive. Mzee anatumiwa video za harusi na misiba kwenye makundi kumi na mawili, nakala inapanda kila usiku, na mnunuzi wake wa mchele anajibiwa kwamba sanduku limejaa. Zima video kwenye nakala ya WhatsApp, futa video kubwa zilizopanda na zile zilizoko Drive, uzitoe pia kwenye pipa la taka. Usianze kufuta imeili moja moja, zenyewe hazizidi vijiko viwili vya nafasi.

Na ile ninayoipenda, 5.7.1, inayokuja na maneno kwamba kundi huenda halipo au huna ruhusa ya kuliandikia. Yaani info@ yako ni kundi, na limefungwa kwa watu wa nje. Makundi ya Google Workspace mara nyingi huundwa hivyo, kwa dhana kwamba ni ya wafanyakazi kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Ukipima kutoka anwani ya ofisini linapokea vizuri, mteja akiandika linamfukuza. Ofisi nzima itakuapia kwamba info@ iko salama. Ingia kwenye mipangilio ya ruhusa ya kundi, tafuta nani anaweza kutuma, ruhusu mtu yeyote hata wa nje. Ukiwa humohumo angalia barua zinazosubiri idhini, kwa sababu kundi huzishikilia zile linazozishuku mpaka msimamizi azipitishe. Nimewahi kukuta za miezi minne zimepanga foleni.

Hairudi, na haifiki

Hapa ndipo kazi ilipo.

Anza na vitu vyepesi: barua taka, halafu vichujio. Kuna mtu aliwahi kuweka kichujio kinachopeleka kila kitu cha info@ kwenye folda yake na kuruka kikasha, akaacha kazi, folda ikabaki. Badala ya kufungua folda moja moja, andika kwenye utafutaji anwani iliyoandikiwa, ukichagua kutafuta kwenye barua zote pamoja na taka na pipa.

Isipoonekana, jua kwamba barua imefikishwa nyumba nyingine. Domeni ina rekodi zinazoitwa MX, ndizo zinazoiambia dunia: barua za jina hili zipelekeni seva fulani. Hata kwa simu unaweza kuzitazama. Fungua zana ya bure ya Google iitwayo Dig kwenye brauza, andika domeni yako, bonyeza MX. Kwa Google Workspace utaona smtp.google.com peke yake, ambayo ndiyo wanayopewa akaunti mpya tangu 2023, au zile tano za zamani zenye neno ASPMX ndani yake. Zote mbili zinafaa, usimruhusu mtu akutoze hela ya "kuhamisha" kutoka moja kwenda nyingine. Lakini ukiona humo pia jina la kampuni iliyokuuzia tovuti, umempata mwizi. Kwa kila barua seva ya mtumaji hufuata ile yenye namba ndogo ya kipaumbele, na namba zikifanana huchagua yoyote. Ndiyo maana mteja mmoja anafika na mwingine hafiki, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Ondoa ile ya zamani.

Kuna kosa jingine la hapohapo ambalo macho hulipita. Baadhi ya paneli za domeni, yaani kurasa za kusimamia rekodi zake, huongeza jina la domeni zenyewe mwishoni mwa unachoandika, usipomalizia kwa nukta. Unaandika mail.kampuniyako.co.tz, yenyewe inahifadhi mail.kampuniyako.co.tz.kampuniyako.co.tz. Kwenye paneli kila kitu kinaonekana sawa. Kwenye Dig utaona jina limejirudia. Weka nukta mwishoni au andika sehemu ya kwanza tu, kutegemea paneli.

Sasa kisa kilichonichukua siku mbili, na ambacho tangu hapo nimeshakutana nacho mara nyingi. Nyumba ya wageni upande wa Mafinga, ile ya kupumzikia wasafiri wa Dar. Mwenyewe alinipigia, tukaanza kwa kamwene, tukaulizana habari za baridi, kisha: "Kaka, watu wananiandikia kwa Gmail zao, napata. Lakini wanaojaza fomu ya kuomba chumba kwenye tovuti yangu, sipati hata mmoja. Na fomu inawaambia asante, tumepokea."

MX zilikuwa safi. Aliasi ya booking@ ipo. Nikipima kwa Yahoo, inaingia baada ya sekunde tatu. Nikijaza fomu, kimya. Nikaanza kuilaumu fomu, nikabadilisha programu yake, nikaweka nyingine, kimya vilevile.

Fomu haikuwa na kosa. Tovuti yake ilikuwa kwenye seva ya kukodi yenye paneli ya cPanel, na kabla ya kuhamia Google imeili zake zilikuwa zinakaa kwenye seva hiyohiyo. Barua zilihamishwa, lakini hakuna aliyeiambia seva. Kwa hiyo fomu ilipotuma barua kwenda booking@, seva ilijiambia: domeni hii ni yangu, anwani hii ninayo, kwa nini nitoke nje? Ikaiweka kwenye sanduku la zamani ndani yake yenyewe, bila kuuliza MX. Nilipolifungua sanduku hilo nikakuta maombi ya vyumba ya tangu Pasaka: familia iliyotaka vyumba viwili, mtu wa semina aliyetaka kumi na vinne, na mwingine ameandika mara tatu, ya mwisho kwa hasira. Hakuna aliyejibiwa.

Dawa yake ni dakika moja. Kwenye cPanel kuna sehemu ya uelekezaji wa barua yenye machaguo ya seva ya hapahapa, seva ya akiba na seva ya mbali. Chagua seva ya mbali. Kisha futa yale masanduku ya zamani, baada ya kuchukua kilichomo. Kwa hiyo yeyote mwenye tovuti sehemu moja na imeili sehemu nyingine, hata kama hana shida yoyote, aende akaangalie hilo leo.

Napokea, ila nikijibu inatoka jina jingine

Mteja anaandika kwa mauzo@, wewe unajibu, yeye anaona jibu limetoka kwa jina lako la nyumbani. Hii si hitilafu. Aliasi hukupa kupokea, na kutuma mara nyingi ni hatua ya pili ambayo lazima uiwashe. Kwenye Gmail ya kompyuta ingia mipangilio, sehemu ya akaunti, mahali pa kuongeza anwani nyingine ya kutumia kutuma. Ongeza aliasi hapo. Chini yake kuna chaguo la kujibu kwa anwani ileile iliyoandikiwa. Liwashe, vinginevyo kila jibu litatoka kwa anwani kuu na utakuwa unabadilisha kwa mkono kila mara, mpaka siku utakayosahau.

Kwenye simu huna haja ya kuitafuta sehemu hiyo ndani ya programu ya Gmail, haipo. Ukiwa huna kompyuta, fungua Gmail kwenye brauza ya simu na uombe ionyeshe kurasa za kompyuta. Inabana, utavuta skrini kulia na kushoto, lakini inafanyika. Ukishaiongeza huko, ndipo programu ya simu itakuonyesha uchague jina unapogusa sehemu ya mtumaji.

Wenye Gmail ya bure wanaotaka kutuma kwa jina la domeni yao hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni namba ya kuthibitisha. Gmail huipeleka kwenye ile anwani unayoiongeza, si kwenye unayotumia. Kama info@ haijaanza kupokea, namba haitakuja hata ukibonyeza tuma tena mara kumi. Tengeneza kupokea kwanza, ndipo uje kwenye kutuma. Ya pili ni nywila ya seva ya kutumia kutuma. Kama seva hiyo ni ya Google, nywila yako ya kawaida itakataliwa. Google walifunga kuingia kwa namna hiyo kwa akaunti za kawaida mwaka 2022. Unatakiwa uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ndipo utengeneze nywila ya programu, yenye herufi 16. Mlango wa seva (port) ni 465 au 587. Mtu akikuambia uweke 25, ana maelezo ya zamani.

Kuhusu Outlook.com nina jambo moja tu, kwa sababu linakwenda kinyume na yote niliyosema juu ya mlango na jina. Kule aliasi yoyote unaweza kuingilia nayo kwa nywila ileile, mpaka uizime kwenye mipangilio ya kuingia. Ukiwa na aliasi uliyoibandika kwenye mabango ya Kabwe mpaka Mbalizi, izime isiwe ya kuingilia.

Inafika, lakini kwenye barua taka

Au inafika kwenye kikasha lakini juu pameandikwa kwamba imetumwa na fulani kwa niaba ya fulani, na mnunuzi wa Uholanzi anaanza kujiuliza kama unataka kumtapeli.

Usibahatishe. Tuma barua kwenda Gmail ya rafiki, aifungue kwenye kompyuta, abonyeze vile vidoto vitatu na kuchagua kuona barua asilia. Juu kuna mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC, yaani ukaguzi wa kama barua imetoka kweli kwa mwenye domeni, kila mmoja ukisema umefaulu au umefeli.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako. Kosa la kwetu ni kuwa nazo mbili. Aliyetengeneza tovuti aliweka yake, aliyeleta Google akaongeza nyingine, na kila mmoja akaondoka akijisifu. Domeni inaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, wapokeaji wanahesabu zote ni batili, na una hali mbaya kuliko asiye nayo kabisa. Ziunganishe ziwe mstari mmoja unaoanza na v=spf1, kati yake include:_spf.google.com na ya seva ya tovuti, mwisho ~all. Ndani ya mstari huo usirundike watoa huduma: ukizidisha utafutaji 10 wa majina, nayo inafeli.

DKIM ni muhuri. Kwenye Google unautengeneza katika ukurasa wa msimamizi, unapewa maandishi marefu ya kubandika kwenye domeni, kisha unarudi kubonyeza kuanza kuthibitisha. Watu wengi hubandika na kusahau kurudi. Wengine hubandika na paneli ikakata maandishi katikati, kwa sababu ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha rekodi kinaweza kubeba. Paneli nzuri hukigawa chenyewe, nyingine hukikata bila kusema. Ikikushinda, tengeneza ufunguo wa biti 1024. Ni mfupi, unaingia, na muhuri mdogo unashinda kukosa muhuri.

Wale wa kusambaza barua, yaani seva ya tovuti inapokea info@ na kuirusha kwenda Gmail ya bure, wajue kuwa njia yao ina ufa. Barua ya mteja ikirushwa upya, Gmail inaiona inatoka kwenye seva ambayo haimo kwenye SPF ya mteja. Ikiwa na muhuri wa DKIM itapona. Isipokuwa nao, itaishia kwenye taka, au itarudishwa na 5.7.26, namba ya barua isiyothibitishika. Mimi mtu akiniuliza kama asambaze au alipie sanduku moja lenye aliasi kumi, namwambia alipie, hata kama ni kwa kubana matumizi mengine. Kama pesa haipo kabisa, Zoho wana mpango wa bure wa domeni moja.

"Jina hili tayari linatumika"

Unataka kuunda mauzo@, mfumo unakataa, na humwoni mwenye jina. Kwenye Workspace mtumiaji akibadilishwa anwani, ile ya zamani hubaki kwake kama aliasi bila kuulizwa. Kwa hiyo yule binti aliyekuwa mauzo@ ukamwita kwa jina lake, bado anaishikilia. Itafute kwenye anwani zake mbadala, ifute, ndipo uihamishe. Inaweza pia kuwa ni kundi. Kama ulimfuta mtumiaji mzima na sasa unajuta, una siku 20 za kumrudisha na barua zake. Kwenye @gmail.com ya bure ni tofauti: jina lililofutwa haligawiwi tena kwa mtu yeyote, hata kwa aliyekuwa nalo.

Kama ulichotaka ni kujua tu barua zinatoka wapi, huenda huhitaji aliasi mpya. Weka alama ya kujumlisha baada ya jina: jinalako+kahawa@gmail.com inaingia kwenye sanduku lako bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na unaweza kuiwekea kichujio. Fomu za baadhi ya tovuti huikataa alama hiyo. Hapo hakuna la kufanya.

Zote zimekufa kwa pamoja, na tovuti nayo

Basi usiangalie imeili. Angalia kama domeni imelipiwa. Ya .co.tz hulipiwa kwa mwaka, na ikiisha muda MX hazionekani tena, hivyo barua haina pa kwenda.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilinijia msimu wa mauzo umeshaanza, wanunuzi wanaandika na barua zinarudi. Malipo yaliyokuwa yanadaiwa ni madogo kuliko nauli waliyotumia kuja mjini. Arifa za kulipia zilikuwa zimetumwa, tena zaidi ya moja, kwenye Gmail ya kijana aliyewatengenezea tovuti, ambaye sasa yuko Dodoma na ana biashara ya pikipiki. Tulimpata kwa simu ya shangazi yake. Alikuwa mwungwana, akatupa namba ya kuingilia siku hiyohiyo, tukalipa kwa simu, na jioni barua ya kwanza ikaingia. Anwani ya mawasiliano ya domeni tukabadilisha ikawa Gmail binafsi ya katibu, isiyo ya domeni hiyohiyo, ili siku ikifa tena arifa ipate mahali pa kufikia, na namba ya simu tukaweka ya mwenyekiti.

Mwenyekiti aliuliza kama info@ haingefaa zaidi, maana inaonekana ya heshima. Katibu ndiye aliyemjibu.